Rangi za Shangazi Siok-lan

Tangu asubuhi Pei-jung alishikwa na kicheko cha woga kisichozuilika. Leo alikuwa anaweka toleo jipya la programu ya mashine ya kudarizi. La zamani lilikuwa limeanza kukata nyuzi hovyo, na bendera ya hekalu ilikuwa nusu tu: joka lina kichwa, mkia bado.

Shida haikuwa programu. Shida ilikuwa Shangazi Siok-lan, mwenye karakana. Miaka na miaka alikuwa akifuta namba za rangi na kuzipa majina yake mwenyewe: Nyekundu ya Bi Harusi Mwongo, Kijani cha Jirani Kanunua Gari, Bluu ya Mume Aliyechelewa. Namba hazimwingii kichwani hata umpige.

"Majina yangu yakipotea," alitangaza, "nafunga karakana, nakwenda kucheza mahjong mpaka nife!"

Wala hakuwa anatania, na Pei-jung aliipenda karakana ile kuliko kitu chochote katika mji mzima wa Tainan.

Programu ya zamani ilihifadhi majina ndani ya folda yake, na toleo jipya huifagia folda hiyo yote. Kwa hiyo Pei-jung akanakili faili la majina, akaliweka kwenye folda nyingine ambako ufagio haufiki. Kisha akaweka juu ya kompyuta pakiti ya bisi, kama wafanyavyo watu wote wenye akili ili mashine itulie, akabonyeza.

Mstari wa kupakia kwenye skrini ukatembea mpaka katikati, ukagoma; masikio ya Pei-jung yakaiva.

"We mtoto!" Baba mdogo Bun-hiong, mdogo wake shangazi, alipiga yowe. "Pakiti ya njano? Mashine hupewa ya kijani! Njano ni kuiambia isimame!"

"Za kijani zilikwisha dukani, baba mdogo!"

"Ukaona bora utuue?"

Akatoka mbio na kandambili zake, akarudi anahema na pakiti ya kijani, akaikagua tarehe isije ikawa imepita, akaiweka kwa mikono miwili. Wote watatu wakainamisha vichwa. Mstari ukatembea. Pei-jung alijua kompyuta ilikuwa nzito tu, lakini nani angethubutu kusema?

Programu ikafunguka. Rangi zote zilikuwa namba tupu. Shangazi akaanza kuvua aproni.

"Subiri, shangazi! Haijui pa kutazama tu!"

Pei-jung akaielekeza kwenye ile folda ya pembeni. Majina yakamwagika skrini nzima. Baba mdogo akaruka mpaka akaangusha kikapu cha nyuzi, na Pei-jung akacheka huku machozi yanamtoka.

Shangazi aliyasoma yote, moja moja. Chini kabisa kulikuwa na rangi ngeni, zilizoletwa na toleo jipya.

"Hii nini?"

"Mia nne kumi na saba, shangazi. Nitazificha."

"Ziache. Hiyo ni namba ya chumba cha hospitali, si rangi."

Aliitazama tena ile mia nne kumi na saba, nyekundu changa, akamtazama Pei-jung. Akafunga aproni yake upya, akaandika kwa kidole kimoja, polepole: Masikio ya Pei-jung Mstari Ulipogoma.

"Inafaa ulimi wa joka," akasema. "Leta uzi."