Mashine Sikioni

Simu ya kwanza kuvunjwa pale gerejini kwa sababu ya drafti ilikuwa ya fundi mpiga rangi. Alikuwa amefungwa tena na mchezo wa kompyuta uliokuwa ndani ya simu yake, saa ya chakula, mbele ya watu, na mchezo ukamwandikia kwenye kioo: Umeshindwa. Ungependa kiwango rahisi zaidi? Mpiga rangi akainuka, akaiweka simu juu ya fuawe, akachukua nyundo na kuiponda mpaka vipande vya kioo vikarukia sahani za wenzake. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Yeye alirudi kwenye gari alilokuwa analipaka, shingo imemvimba, akapaka mlango rangi isiyokuwa yake.

Mchezo huo ulikuwa umeletwa na Waya, fundi simu aliyekuwa na kibanda langoni mwa gereji yeye na mkewe. Aliuingiza kwenye simu za mafundi karibu wote. Unachagua mpinzani kwa kiwango: mwanafunzi, mzoefu, mkali, na juu kabisa kulikuwa na mmoja aliyeitwa Bingwa. Hakuna aliyemfunga Bingwa. Mafundi walimtukana, wakamtukania na mama yake, ingawa hana mama, wakarudi kwake kesho yake na kufungwa upya.

Kaka yake Waya ndiye pekee ambaye hakutukana. Huyo alikuwa fundi bodi, mtu wa kunyoosha magari yaliyobonyea, mikono yake mipana kama sepetu. Walimwita Kobe kwa sababu alipocheza drafti aliweza kuitazama kete moja mpaka chai ya watazamaji ikapoa. Kwa miaka mingi hakuna mtu wa pale aliyemshinda ubaoni. Alipofungwa na Bingwa alishangaa tu, kisha akawa anakaa naye kila akipumzika, akimchunguza kama anavyochunguza gari lililopinduka.

"Huyu jamaa hana damu," alimwambia mdogo wake. "Anakuachia kete kama mlevi. Unakula, unashangilia, unakula nyingine. Kumbe anakutoa nyumbani kwako. Ukigeuka, kashaingia ndani na kuzoa kila kitu."

"Basi na wewe kaka umepata mbabe wako," Waya alisema.

"Nimempata. Wewe je, mtoto? Njoo nikuchape moja kabla sijarudi kazini."

Alimwita mtoto. Waya alikuwa na mke na kibanda chake, na ndevu zilikuwa zimeanza kuota mvi, lakini Kobe ndiye aliyemlea baada ya baba yao kufariki, na hilo jina halikuwa limebadilika. Wakicheza, Kobe alikuwa anapiga soga na watu wengine huku mkono mmoja unasugua bati kwa msasa. Alisogeza kete bila kuangalia. Alishinda bila kuangalia. "Haya, mtoto, panga nyingine," alisema, hata wateja wakiwepo, na wateja walicheka.

Mwenye gereji alipotangaza mashindano, akaweka zawadi ya seti mpya ya spana, kila mtu alijua itakwenda kwa nani. Kilichowashangaza ni Waya. Alimfunga mnyoosha chesi za magari, akamfunga fundi umeme, kisha nusu fainali akakutana na mpiga rangi na kumla kete zote, hakubakiza hata moja ya kuombea maji. Mpiga rangi hakuwa na pa kuficha uso. Wiki nzima mafundi walimpokea kila asubuhi kwa sauti ya kitoto, "Mama, nimeliwa!" Mmoja akaandika maneno hayo kwa kidole kwenye vumbi la gari alilokuwa anajiandaa kulipaka. Mpiga rangi alimkaba mtu huyo koo, ikabidi waamuliwe.

Fainali ilikuwa Jumamosi mchana, gereji imefungwa kwa wateja. Waya mwenyewe alichagua mahali. "Tukae hapa, hapa kuna mwanga," alisema, akasogeza meza mpaka ikaelekeana na dirisha la kibanda chake. Alikuwa amevaa kofia ya sufu iliyomfunika masikio, na jua linachoma.

"Unaumwa?" Kobe alimuuliza.

"Mafua, kaka."

Wakapanga vizibo vya soda, vya Kobe vimelala chali, vya Waya kifudifudi. Mafundi wakawazunguka. Kobe alianza kama kawaida, na kipande cha bati mapajani na msasa mkononi. Haukupita muda akauweka msasa chini. Baadaye bati nalo. Akasogeza kiti mbele, viwiko vikakaa juu ya meza, na mtu mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba hajawahi kumwona Kobe anatoka jasho akiwa amekaa.

Waya akaachia kete. Kobe akaila. Waya akaachia nyingine, pale ambapo hata mtoto wa shule asingeachia, na watu wakaguna. Kobe akanyoosha mkono kuila, mkono ukabaki hewani.

Aliijua njia ile. Alikuwa ameipita mara nyingi na kila mara imempeleka palepale. Akainua macho kutoka ubaoni na kumtazama mdogo wake usoni, akaendelea kumtazama. Waya hakuwa anaangalia kete. Alikuwa ametulia, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayesikiliza maneno ya chumba cha pili.

Kobe akasimama taratibu, akaivua ile kofia.

Ndani ya sikio kulikuwa na hedifoni ndogo nyeusi isiyo na waya. Kobe akaichomoa kwa vidole viwili, na kwa kuwa kila mtu alikuwa amenyamaza, wote walisikia sauti nyembamba ya mke wa Waya ikitoka ndani yake: "Akishakula hiyo, usiguse ya katikati. Bingwa anasema sogeza ya pembeni. Unanisikia? Ya pembeni."

"Kaka," Waya alisema, "ngoja nikueleze—"

Kobe akampiga kofi. Mkono uliozoea kunyoosha chuma ulimpata sawasawa kwenye sikio, na Waya akaenda chini na kiti chake, vizibo vikamwagika.

Lingekuwa jambo la ndugu wawili. Lakini mpiga rangi alikuwa amesimama pale pale. "Kumbe ndivyo ulivyonila!" alisema, akamrushia teke la mdomo kabla Waya hajainuka. Meno yalisikika. Fundi umeme naye akaingia, kisha mnyoosha chesi, kisha watu ambao hata drafti hawachezi. Walimpiga kwa mateke, kwa mikanda ya feni, kwa bomba la ekzosi. Mtu akapiga kelele, "Mwizi!" na neno hilo likatoka nje ya lango, na wapita njia wasiojua habari yoyote wakaingia wakikimbia, wengine wameokota mawe njiani.

Kobe alibaki amesimama, kiganja kinamuuma, akitazama. Alikuwa bado na hasira. Moyoni alisema, acha aonje kidogo. Hicho kidogo ndicho alichokuja kukijutia kuliko kofi lenyewe, kwa sababu alipokuwa anasubiri kitoshe, Waya aliacha kujikinga uso. Mikono ililegea, ikabaki juu ya oili iliyomwagika.

Mke wa Waya alitoka kibandani anapiga mayowe. Alimpiga mtu wa kwanza aliyemfikia kwa kigoda, akasukumwa, akaanguka, akainuka tena na kigoda chake. "Mnamuua! Shemeji, wanamuua!"

Mpiga rangi alikuwa amenyanyua jeki juu ya kichwa kwa mikono miwili.

Kobe aliokota nyundo yake ya bodi, akakata kundi kwa bega, akampiga mpiga rangi mkono. Mfupa ulivunjika kwa mlio mkavu, mkono ukakunjika pasipo na kiungo, jeki ikaanguka kando ya kichwa cha Waya na kuchimba sakafu. Mpiga rangi alilia kama mnyama. Kobe akazungusha nyundo tena, safari hii bila kuchagua, akampata fundi umeme begani, mtu aliyekuwa anakula naye kila siku sahani moja. Jiwe likampiga nyuma ya kichwa. Akajitupa juu ya mdogo wake, akamfunika kwa mwili mzima, na yale mapigo yaliyobaki yakamwishia yeye mgongoni.

Mwenye gereji ndiye aliyewatawanya. Alivuta mpira wa kuoshea magari, akawasha mashine, akawamiminia maji ya nguvu usoni mmoja mmoja, akitukana na kulia kwa pamoja, mpaka wageni wakakimbia na mafundi wakabaki wamelowa, wanatazamana, kila mmoja anatafuta mahali pa kuuweka mkono wake.

Waya hakufa. Taya lilivunjika, madaktari wakalifunga kwa nyuzi za chuma, akawa anakunywa supu kwa mrija. Mbavu zilipona. Sikio moja halikupona, na daktari alipoeleza kwamba ngoma yake ilipasuka kwa pigo la kiganja kilicho wazi, mke wa Waya aligeuka akamtazama shemeji yake aliyekuwa ameketi na bendeji kichwani.

"Toka," alimwambia.

"Shemeji, mimi ndiye niliyemwokoa."

"Wewe ndiye uliyeanza. Wale wengine walikuwa wanasubiri ruhusa tu, na wewe ukawapa."

"Na wewe uliyekuwa unamsomea?"

"Na mimi. Mimi nalia hapa kila siku. Wewe toka."

Polisi waliwachukua Kobe na mpiga rangi. Hakimu aliwasikiliza, akaomba kuelezwa tena kwamba chanzo kilikuwa drafti, akatikisa kichwa, akawapa wote wawili kifungo cha nje: kufanya usafi hospitali ileile. Wakawa wanafagia uwanja mmoja, Kobe na fagio lake, mpiga rangi na mkono kwenye plasta akisukuma toroli kwa mkono uliobaki. Siku za mwanzo kila mmoja alishika upande wake wa uwanja. Halafu mpiga rangi ndiye aliyesimamisha toroli.

"Mimi nilimpiga kwa sababu nilichekwa," alisema. "Ni ujinga, lakini najua kwa nini. Wewe ulimpigia nini? Wewe hukuwahi kuchekwa."

Kobe aliendelea kufagia mahali ambapo palikuwa pameshafagiliwa.

Waya alipoanza kuzungumza kupitia meno yaliyofungwa, alimwita kaka yake. Mkewe alifungua mlango wa wodi bila salamu. Kobe akaketi kando ya kitanda, akaanza kusema, na Waya akainua kidole.

"Kaa upande huu. Huko sisikii."

Kobe akahamisha kiti. "Ulitaka zile spana? Si ungeniambia, ningekununulia."

"Spana za nini, kaka? Mimi natengeneza simu." Waya alimeza mate kwa shida. "Nilitaka uweke msasa chini. Tangu nikiwa mdogo unanifunga huku unaongea na watu. Nikasema siku moja nitacheza na wewe, na wewe utacheza na mimi. Ile Jumamosi uliniangalia usoni. Unakumbuka? Ulitoka jasho."

"Nilikuwa nacheza na mashine."

"Hukujua. Kwa muda ule hukujua."

Kobe aliinamisha kichwa mpaka bendeji ikagusa ukingo wa godoro, akalia kwa sauti, mtu mzima, wagonjwa wa vitanda vingine wakageukia ukutani. Waya alimwacha alie. Alimwekea mkono mgongoni, juu ya michubuko, na Kobe aliumia lakini hakusogea.

Kobe hakurudi kwenye gereji ile. Alipomaliza adhabu yake alipata kazi kwenye karakana ya mabasi upande mwingine wa mji. Mpiga rangi alijifunza kushika bunduki ya rangi kwa mkono wa kushoto, na wanaomjua wanasema rangi zake sasa zina mawimbi kidogo. Waya aliufuta mchezo ule kwenye kila simu iliyopita mikononi mwake, mwenye simu apende asipende. Anamwita kaka yake kaka, na kaka yake anamwita kwa jina alilopewa na baba yao.

Mke wa Waya bado hajasamehe. Kobe akija kuwatembelea anamwekea kiti, anamletea maji, kisha anaingia ndani na kufunga mlango.