Gari Lililokataa Kushika

Mbuvi alikuja gereji yangu hapa Ikutha Jumanne moja ya mwezi wa tatu, akasimama nje ya lango kama mtu anayengoja kufukuzwa. Nilimjua. Soko zima lilimjua. Ndiye yule ambaye mkewe, Yvonne, alifariki mwezi wa kumi na moja akiwa na mimba ya miezi minane, kwa sababu mume alishindwa kuwasha gari. Watu walisema alikuwa amelewa. Walisema alipiga starta mpaka betri ikafa, na kwamba mtu mwenye akili zake asingeshindwa na Probox.

"Fundi Kathini," akasema, "nataka uniangalilie gari ya baba."

"Inasumbua nini?"

"Starta inazunguka vizuri, lakini injini haishiki. Tangu siku ile."

Sikumuuliza siku gani.

"Mnataka kuiuza?"

"Hapana. Nataka kujua nilikosea wapi. Kama nilizamisha plagi na petroli, niambie. Kama kuna kitu nilifaa kufanya nikasahau, niambie pia. Kila siku nalala nikiiwasha, fundi. Naamka bado naiwasha."

Nilichukua betri nzuri na sanduku la vifaa, tukaenda.

Gari lilikuwa pale pale lilipoachwa, kando ya ghala la mahindi, limejaa vumbi, kuku wameatamia chini yake. Hakuna aliyeligusa miezi minne. Nilipofungua boneti, mzee Mutunga, baba yake Mbuvi, akatokea mlangoni. Ni mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na tangu msiba alikuwa amekonda mpaka shati likamvaa yeye.

"Fundi," akasema, "hiyo gari wacha. Imekufa."

"Baba, mimi ndiye nimemwita," Mbuvi akajibu.

Mzee alitutazama kidogo, akarudi ndani. Nilidhani ni uchungu tu.

Nilifunga betri yangu, nikamwambia Mbuvi apige starta. Injini ilizunguka kwa nguvu, haikushika. Hilo peke yake lilinipa habari: betri si tatizo, starta si tatizo. Injini ya petroli inataka moto, mafuta na hewa, na yote yafike kwa wakati wake. Nilitoa plagi moja, nikaigusisha kwenye chuma, Mbuvi akapiga tena. Cheche ikaruka, ya samawati, kali. Plagi yenyewe ilikuwa kavu kabisa.

"Njoo uone," nikamwambia. "Umesikia harufu ya petroli?"

Akainusa. "Hapana."

"Kama ungekuwa umeizamisha siku ile, ningekuta weusi na uchafu hapa. Hukuzamisha kitu. Mafuta hayakufika."

Alikaa chini, kwenye jiwe. "Lakini tanki ilikuwa nusu," akasema. "Niliangalia."

"Nakuamini."

Nikamwuliza siku ile ilikuwaje, maana fundi lazima aulize, ingawa nilijua natonesha jeraha.

Alinieleza akitazama mikono yake. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Yvonne alikuwa anaota jua uani akaanza kutokwa na damu. Mzee Mutunga alikuwa ameenda mkutano wa kanisa Mutomo kwa gari la mchungaji. Ufunguo wa Probox ulikuwa kwenye msumari wake, sebuleni, kama kawaida. Mbuvi alimbeba mkewe mpaka kiti cha nyuma, akapiga starta. Ikazunguka. Akapiga tena. Alimpigia baba yake simu mara kumi na moja, imezimwa. Baada ya nusu saa betri ikaisha. Alikimbia barabarani, akapata pikipiki, wakampakia Yvonne katikati. Hawakufika.

"Na ulikuwa umekunywa?" nikauliza. Sikutaka kuuliza, lakini nilikuwa nimewasikia watu.

"Sijaonja tangu gari ianguke."

Hilo pia Ikutha ilikuwa inalijua. Miaka mitatu nyuma, Mbuvi alichukua gari hilo hilo akiwa amelewa, akaliangusha mtaroni. Baadaye akaokoka, akamwoa Yvonne, akatulia. Wengi walikumbuka mtaro, wachache walikumbuka kutulia.

Nikageuza ufunguo bila kupiga starta, nikamwambia anyamaze. Katika gari la aina ile, ukifungua umeme kwa ufunguo unasikia pampu ya mafuta ikinguruma kidogo kule nyuma, sekunde mbili hivi. Sikusikia kitu. Nikaangalia fyuzi, nzima. Rilei inayopeleka umeme kwa pampu, nzima. Nikachukua taa yangu ya kupimia umeme: ukitoka kwenye rilei, umeme upo. Kule nyuma kwenye pampu, hakuna. Basi ulikuwa unapotelea njiani.

Nilitoa kiti cha dereva, nikafunua zulia, nikafuata waya kwa vidole. Chini ya kiti nikakuta utepe mweusi. Waya wa kiwandani haufungwi kwa utepe wa dukani. Mtu alikuwa ameukata, akaunganisha nyaya mbili nyekundu, zikaingia chini ya reli ya kiti. Mwishoni mwake kulikuwa na swichi ndogo, kama ile ya taa ya kitandani.

Nimefunga swichi za namna hiyo nyingi. Watu huziweka kwa ajili ya wezi. Mwizi atapiga starta mpaka achoke. Asiyejua swichi iko wapi hataenda popote.

Sikujua niseme au ninyamaze. Ningeweza kumwambia waya uliliwa na panya, naye angelala. Lakini alikuwa amesimama nyuma yangu, na alikuwa ameshaiona.

"Hiyo ni nini?"

Niliibonyeza. Kule nyuma pampu ikanguruma. Nikanyoosha mkono nikapiga starta. Injini ilikohoa mara mbili, ikashika. Kuku wakatawanyika. Gari likanguruma pale uani, laini, kama gari lililokuwa limepumzika tu.

Mbuvi alitoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Aliweka paji la uso kwenye paa la gari, akawa analipiga kwa kiganja, polepole, akisema, "Hapa tu. Ilikuwa hapa tu."

Mzee Mutunga alikuwa ametoka. Nikazima injini.

"Baba," Mbuvi akasema bila kugeuka. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipowasha simu nikiwa Mutomo. Uliniandikia kwamba inazunguka na haishiki. Nikajua saa hiyo hiyo." Mzee alishika nguzo ya veranda. "Niliiweka baada ya ile ajali. Nilikuwa naizima kila nikishuka. Hata ulipookoka, mkono ulishazoea."

"Na ufunguo? Mbona uliacha ufunguo msumarini?"

"Ili uone nakuamini," akasema.

Nilitamani ardhi inifunike, mimi niliyekuwa mgeni tu pale.

"Walisema nilikuwa mlevi," Mbuvi akasema. Sasa alikuwa amegeuka. "Uliwasikia. Kanisani uliwasikia. Mama yake Yvonne alininyang'anya koleo kaburini, akasema mlevi hatamwekea mtoto wake udongo. Wewe ulikuwa umesimama karibu yangu, baba. Ulikuwa umenishika bega."

"Nilijaribu kusema. Kila Jumapili nilijaribu."

Mbuvi hakupaza sauti wala hakumgusa. Alirudisha kiti cha dereva mahali pake, akakaza nati zake moja moja kwa spana yangu, akaniomba niwapeleke Kambu, kwa wazazi wa Yvonne, maana yeye hakutaka kuushika usukani ule. Akamfungulia baba yake mlango wa nyuma. Mzee akaingia bila kuuliza.

Tulivuka mto Athi, tukaingia upande wa Makueni, tukapita Kibwezi, tukashika barabara kuu. Kule nyuma mzee alikuwa ameketi pembeni kabisa, amejibana mlangoni. Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa akikwepa pale Yvonne alipolazwa.

Mama yake Yvonne, Kasyoka, anauza matunda kando ya barabara pale Kambu. Alipomwona Mbuvi akishuka, alianza kukusanya maembe yake aondoke. Mzee Mutunga akapiga magoti kwenye vumbi, mbele ya wateja na madereva wa malori, akasema yote: swichi, ufunguo, simu aliyoizima, miezi minne ya kunyamaza. Alisema mtoto wake hakuwa amekunywa.

Kasyoka alisikiliza mpaka mwisho. "Wewe sina la kukuambia leo," akamjibu. Kisha akamgeukia Mbuvi. "Pale kwenye pikipiki, alinitaja?"

Nikamwona Mbuvi akifikiri. Neno lilikuwa rahisi, na lingemtuliza mama wa watu.

"Hapana, mama," akasema. "Alikuwa anaomba maji. Alisema anasikia baridi, nikamvisha shati yangu. Baadaye hakusema tena."

Mama alitikisa kichwa mara nyingi, machozi yakimtiririka. Akaokota ndoo, akaipindua, akamfutia vumbi kwa kanga. "Kaa," akamwambia. Yeye akaketi kando yake, wakalia pamoja, kila mmoja akitazama barabara.

Mbuvi hakurudi nasi. Yuko Kambu hadi leo, humpakulia Kasyoka matunda asubuhi, mchana hufanya kazi ya kuziba pancha. Mzee alijiuzulu uzee wa kanisa Jumapili iliyofuata, akiwaeleza waumini sababu. Kila mwezi huniuliza kama nimepita Kambu, na kama kijana ametuma salamu. Mimi humwambia ukweli. Hajatuma.