Viongozi wa Kesho

Jumamosi asubuhi gari la matangazo lilipita mbele ya saluni likienda mwendo wa konokono, spika ikikoroma: "Vijana, jitokezeni! Njooni kwenye vikao, mtaa ni wenu!" Msusi alikuwa na kitana mdomoni na kichwa cha mteja katikati ya magoti. Watu walimwita Chapchap kwa sababu vidole vyake havikujua kutulia. Mama yake alisema hata usingizini vilikuwa vinasuka shuka.

"Si uende?" mteja alimwambia. "Kila siku unatulalamikia sisi. Sisi tumekuja na vichwa tu."

Alichokuwa akikilalamikia kilikuwa pale pale mbele ya mlango: mtaro wa maji machafu, kina chake cha kummeza mtu mzima, hauna kifuniko. Watu walivukia ubao mmoja uliokwisha kupinda. Mama yake, fundi cherehani aliyeanza kuona ukungu machoni, aliuvuka ubao huo kila mchana na hotipoti mkononi, maana alikataa katakata binti yake ale vya kununua. Alisema mguu wake unaujua ule ubao, macho ya nini? Basi kila mchana Chapchap aliacha kusuka, akasimama mlangoni roho juu, mpaka hotipoti ifike upande wa huku.

Kikao kilikuwa Jumatano. Katika ukumbi wa mtaa wajumbe walikuwa na viti vya mbao, na vijana walikuwa na kiti kimoja cha plastiki, karibu na mlango. Ukutani, juu ya kichwa cha Mwenyekiti, paliandikwa kwa rangi ya kijani: VIJANA NI VIONGOZI WA KESHO. Ukumbi ulikuwa umeyachukua maneno hayo kama yalivyo. Chapchap alisimama, akafungua kinywa, sauti haikutoka. Akaongeza nguvu mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Kimya. Wajumbe walimtazama kwa upole, na mmoja aliitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba wako pamoja.

"Ahsante sana, mwanangu," alisema Mwenyekiti, mtu mnene, mpole, ambaye hajawahi kumkemea hata paka. "Tumefurahi umekuja. Tutakusikia kesho, saa kama hizi."

"Kwani kesho kuna kikao?" aliuliza Chapchap, lakini swali hilo nalo lilibaki la kesho.

Kesho yake ukumbini alikuwepo msafishaji peke yake, mama mmoja aliyeitwa Mama Deki. Jioni alipita saluni kutoa taarifa.

"Sauti yako imefika leo, saa zile zile. Umeongea vizuri," alisema, akijipepea kwa kanga. "Ila unakimbiza maneno, mengine yamenipita. Halafu mwishoni ukauliza kama kuna kikao. Nikakujibu hakuna."

"Vijana wote husikika hivyo?"

"Wote. Kuna mmoja wa taa za barabarani, ana sauti huyo, utadhani mwimbaji. Kuna yule wa choo cha soko. Nawasikia nyote, wanangu, na deki yangu mkononi. Ningekuwa na uwezo, mngekuwa na taa na choo."

Chapchap alisuka mistari kadhaa. Mguu wake ulikuwa unapigapiga sakafu.

"Kama ninayosema leo yanasikika kesho," alisema, "basi ya siku ya kikao nitayasema jana yake."

"Ufunguo ninao," alisema Mama Deki.

Kazi ilikuwa kujua Mwenyekiti atajibu nini, na hiyo haikuwa kazi. Mwenyekiti alikuwa na methali zake, na alizitoa kwa mpangilio ule ule kila kikao. Siku moja kabla ya kikao kilichofuata, Mama Deki alifungua ukumbi, akaketi kwenye kiti cha Mwenyekiti, akavimbisha mashavu, akasema yote ambayo Mwenyekiti angeyasema, hata kikohozi. Chapchap alisimama penye kiti cha plastiki, akijibu bila sauti na kuacha nafasi kila inapostahili. Kwake kuacha nafasi ndiko kulikuwa kugumu.

Siku ya kikao mama yake aliamka na furaha. "Leo nitakuletea chakula cha ushindi," alisema.

"Mama, leo sipo mlangoni. Usivuke mpaka nije nikushike mkono."

"Haya, mwanangu," alisema mama, kwa namna ile ile anavyoyaitikia mambo asiyokusudia kuyafuata.

Kikao kilichelewa kuanza, kama ada, na Mama Deki alikuwa amelihesabia hilo. Ilipofika zamu ya vijana, Chapchap alisimama kinywa kimefungwa na sauti yake ikatoka, kubwa, safi.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba mtaro ufunikwe kabla mtu hajatumbukia."

"Mwanangu, haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo."

Wajumbe walicheka. Mwenyekiti alikohoa, na nafasi ya kukohoa alikuwa ameachiwa.

"Lazima tufuate utaratibu," alisema.

"Tunaufuata, Mwenyekiti. Shida yake huo utaratibu unakwenda taratibu mno."

Mzee mmoja alipiga meza kwa kicheko. Hoja ikapigiwa kura, mikono ikanyooshwa karibu ukumbi mzima, na Mwenyekiti mwenyewe akanyoosha wake huku akifuta machozi ya kucheka. Chapchap alitazama saa ya ukutani. Adhuhuri ilikuwa imekaribia. Alitaka kutoka mbio, lakini kanuni ilijulikana: mtoa hoja akitoka kabla haijaandikwa, hoja inatoka naye. Akabaki, vidole vikisuka pindo la gauni lake.

Karani aliinua kalamu, hakuandika.

"Hoja hii imetolewa lini?" aliuliza.

"Leo," alijibu Mwenyekiti. "Si wote tumeisikia?"

"Imesikika leo, Mwenyekiti. Imetolewa jana. Na jana hapakuwa na kikao wala akidi."

Mwenyekiti alisikitika, na alisikitika kweli, hakuwa anaigiza.

"Karani amesema haki," alikubali. "Basi mwanangu aitoe sasa hivi, mbele yetu, mambo yaishe."

Chapchap aliitoa. Midomo ilicheza, sauti haikuja. Kisha saa ya ukutani ikagonga, naye akaanza kusema mambo mengine, akinyoosha mkono dirishani, akipiga kifua, akikutanisha viganja kama mtu anayeomba. Wajumbe walimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho, hakuna aliyemkatiza.

"Ahsante sana," alisema Mwenyekiti. "Tutakusikia kesho." Wakampigia makofi, naye alikuwa ameshatoka mbio.

Alikuta watu wamejaa mbele ya saluni. Ubao ulikuwa vipande viwili. Mafundi wa gereji ya jirani walikuwa wamemtoa mama mtaroni na kumlaza kwenye mkeka wa wateja, matope mpaka kwenye nywele, nyonga imevunjika. Hotipoti ilikuwa bado mkononi mwake.

"Hakijamwagika," alimwambia binti yake. "Kula kabla hakijapoa."

Chapchap alilia kwa uchungu na kwa hasira, kwa sauti iliyosikika siku hiyo hiyo, maana pale palikuwa barabarani. Jioni mama alilazwa hospitali. Mtu mwema mmoja alileta ubao mwingine, akauweka pale pale.

Kesho yake, adhuhuri ikikaribia, Mama Deki alikuwa akipiga deki ukumbini. Nje gari la matangazo lilikuwa linapita, likiwaita vijana wajitokeze. Kwenye kiti cha plastiki sauti ya Chapchap iliitoa hoja yake vizuri, kwa utaratibu wote, tena safari hii haikukimbiza maneno. Saa ikagonga, na sauti ikabadilika.

"Jamani, saa hizi mama yangu anavuka, na mimi sipo mlangoni. Haoni. Atatumbukia. Nawaomba, mtu mmoja tu akamshike mkono."

Mama Deki alisimamisha deki.

"Ameshatumbukia, mwanangu," alijibu.

Kisha akakisogeza kiti cha vijana, akapiga deki chini yake, akakirudisha mahali pake.