Sentimita Saba

Mpimaji alikizungusha kidogo tu kichunguzi cha mawimbi ya sauti juu ya mafuta mazito aliyopaka kwenye mshono wa boila, na ule mwiba kwenye skrini ukazama. Akakirudisha, mwiba ukachomoza tena, mkali, kabla ya mwangwi wa upande wa pili wa chuma. Takataka zilizonaswa kwenye mshono zingerudisha sauti kila anapogeuza. Kitu hiki kilirudisha sauti upande mmoja tu. Ulikuwa ufa.

"Umemaliza, Mama Vipimo?" meneja wa kiwanda cha kufulia akauliza toka mlangoni. Jina hilo walimbandika humo humo. "Mashuka ya hospitali yamerundikana hadi dirishani. Tuwashe."

"Kuna ufa."

"Aa! Si zile takataka za kulehemu ulizoandika mwaka jana?"

Neno hilo lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa la kweli. Mwaka jana meneja huyu huyu alimsimamia kichwani, haraka haraka, naye hakukizungusha kichunguzi. Aliona mwangwi, akaandika "takataka, sentimita nne", akatia sahihi, akaenda zake. Leo amepima mara tatu, akachora kwa chaki mwanzo na mwisho. Saba.

"Takataka hazikui," akasema. "Nilikosea. Wewe ulinikimbiza, na mimi mjinga nikakubali kukimbizwa. Leo sitii sahihi."

"Dada yangu, boila hii ina miaka tisa. Haijawahi hata kukohoa."

"Basi njoo usimame hapa. Bega lako kwenye chaki. Iwashwe, tuusubiri mvuke pamoja."

Meneja akacheka, lakini miguu yake haikusogea. Kicheko hicho kilimkasirisha kuliko yote. Nyuma ya ukuta ule mwembamba, hatua sita tu, mdogo wake wa tumbo moja alikuwa na wenzake kumi wakikunja mashuka, wakisubiri mvuke wa pasi. Mwaka mzima amepiga pasi pale, kwa sahihi ya dada yake.

"Nitamwita mpimaji anayejua kazi," meneja akasema.

"Mwite. Mwambie akizungushe."

Meneja akamgeukia mchochea moto, mzee asiye na maneno mengi, aliyekuwa ameshapanga kuni tanurini. "Washa."

Mzee akaitazama chaki. Akaweka kiganja chake katikati ya alama mbili, kikaenea. Kisha akatoa kiberiti mfukoni, akampa meneja. "Washa wewe, bosi."

Mpimaji hakungoja jibu. Aliusukuma mlango wa chumba cha pasi kwa nguvu hadi ukagonga ukuta.

"Dada, mvuke vipi?" mdogo wake akauliza. "Tumechelewa sana!"

"Tokeni nje. Wote."

"Nani kasema? Tutafukuzwa!"

"Nimesema mimi! Acha hilo shuka, twende!"

Hakuna aliyesogea. Wanawake walitazamana, mdogo wake bado ameshika ncha mbili za shuka, mwenzake ncha nyingine mbili. Nyuma ya ukuta kiberiti kikakwaruzwa mara moja, na mdogo wake akaziachia ncha zake.