Akina Lorrimer Wawili

Katika yadi moja ya makontena karibu na bandari ya Botany, jijini Sydney, walikuwako madereva wawili wa jina moja. Wayne Lorrimer alikuwa Mzungu mnene wa shingo, ndevu zake nyekundu zikianza kuingia mvi. Lionel Lorrimer alikuwa mwenyeji wa asili wa nchi hiyo, mtu mrefu wa maneno machache, ambaye vijana wa kwao walimwita mjomba kwa heshima. Wote wawili walizaliwa wilaya moja huko bara, mwendo wa kutwa nzima kwa lori, na huko kila kitu kiliitwa Lorrimer: kilima, daraja, shule, hata dimbwi kubwa la mto lisilokauka kiangazi.

Mushagalusa, Mkongo wa Kivu aliyeendesha lori pamoja nao, alidhani mwanzoni kwamba ni ndugu waliokosana. Wenzake wakamcheka. Wayne mwenyewe alikuwa amelifanya jambo hilo mzaha wa kila siku. Lionel akiingia chumba cha chakula, Wayne alimwita "binamu" kwa sauti ya juu na kumvutia kiti huku akiinama kama mtumishi. Kisha alimweleza yeyote asiyejua kwamba babu wa babu yake alifika kule na kondoo wake wakati hapakuwa na njia wala jina, na kwamba weusi waliomfanyia kazi walipewa jina lake kama ng'ombe wanavyopigwa chapa. Lionel alikula mkate wake, akanywa chai yake, akaondoka.

Lakini mzaha mzaha, hutumbuka usaha.

Asubuhi moja redio ya chumba cha chakula ilitangaza kwamba wazee wa wilaya ile wameomba dimbwi la Lorrimer lirudishiwe jina la zamani, lile lililotumika kabla ya kondoo. Watu walipigwa risasi pale, mtangazaji akasema, wanawake na watoto wao, walipokuja kuteka maji. Kisha akataja mmoja wa waombaji: Lionel Lorrimer.

Wayne aliweka kikombe chini. "Unataka kufuta jina la ukoo wangu?"

"La ukoo wetu," Lionel akajibu.

"Huo mzaha ni wangu mimi."

"Haujawahi kuwa mzaha." Lionel alikuwa akifunga mkate wake uliobaki, na hakuinua macho. "Yule mzee aliyepiga risasi alibakiza msichana mmoja. Akamweka jikoni kwake. Msichana akamzalia mtoto wa kiume, na huyo ndiye baba wa babu yangu. Hatukupigwa chapa, Wayne. Babu wa babu yako ndiye babu wa babu yangu."

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja alizima redio. Mushagalusa aliutazama uso wa Wayne ukipauka kisha ukijaa damu. Uso wa namna hiyo alikwisha kuuona. Lionel alipotoka kwenda kwenye lori lake, Wayne akatoka nyuma yake. Mushagalusa naye akainuka, asijue bado anakwenda kufanya nini.

Alichelewa kidogo tu. Wayne alikuwa amechomoa chuma cha kukazia minyororo ya mizigo, kirefu kama mkono wa mtu mzima, na Lionel alikuwa amempa mgongo, anafungua mlango. Pigo la kwanza lilimpata begani. Lionel aligeuka, na pigo lililofuata likampata usoni. Mushagalusa alisikia mfupa ukivunjika, sauti ndogo, kavu, kama ya ukuni. Lionel aliteleza chini kwenye tairi akiwa ameshika jicho, damu ikimtoka katikati ya vidole, na Wayne akainua chuma tena huku akilia. Ndiyo, Wayne alikuwa akilia kwa sauti, makamasi yakimchuruzika kwenye ndevu, na kila alipopiga alitamka, "Sema ni uongo."

Mushagalusa alimrukia. Chuma kilimpiga mkononi akakisikia hadi kwenye meno, lakini alikishika, akakisokota, akakipata. Wayne alijikwaa kwenye mnyororo, akaanguka chali.

Hapo ugomvi ungekwisha. Wayne alikuwa chini, mikono mitupu. Lakini Mushagalusa hakumwona tena Wayne. Alimwona mtu mwingine, aliyevaa koti la jeshi lisilo na vifungo, aliyemuua kaka yake Fidèle kwa kitako cha bunduki uani kwao Walungu, huko Kivu. Siku ile Mushagalusa, kijana mzima mwenye nguvu, alikuwa amejificha kifudifudi migombani na udongo mdomoni, akahesabiwa kuwa hayupo. Sasa alikuwapo. Akapiga. Taya la Wayne likaenda upande. Akapiga tena, kiwiko kikavunjika, na mkono wake ukapanda mara nyingine kana kwamba si wake.

"Inatosha," alisema Lionel kutoka pale chini penye tairi. Maneno yalimtoka kwa shida, na damu ilikuwa imemjaa kinywani. "Inatosha, ndugu. Huyo ni mtu wa kwetu."

Mushagalusa akabaki na chuma hewani. Polisi walipofika walimtia pingu yeye kwanza, kwa kuwa ndiye aliyekishika.

Kamera ya yadi ilionyesha yote, mema yake na mabaya yake. Wayne alifungwa jela. Lionel alipoteza jicho la kushoto. Mushagalusa naye alipatikana na hatia kwa mapigo aliyopiga wakati adui amekwisha kuanguka. Hakimu hakumpeleka gerezani, ila kazi ilikwisha siku hiyohiyo.

Jumapili iliyofuata hukumu, kanisani Quakers Hill, mchungaji alimsimamisha mbele ya Wakongo wenzake na kumwita Daudi wetu. Watu walipiga makofi. Mushagalusa alishuka katikati ya makofi, akapita kati ya viti, akatoka nje. Mkewe Katungu, ambaye kazi yake ilikuwa kuwahudumia wazee wa Kizungu katika nyumba ya wazee, alimfuata hadi kwenye gari.

"Baba Gloire, umewaaibisha."

"Nilikuwa ninamuua, Mama Gloire. Si kwamba nilikuwa ninamzuia. Nilikuwa ninamuua, na ilinipendeza."

Katungu alimfungulia mlango wa gari. Kisha akauliza nani alimzuia, na alipoambiwa, akasema basi kesho waende Macquarie Fields wakamwone mtu huyo nyumbani kwake, na yeye atapika sombe ya majani ya mihogo.

Walikwenda. Wakaenda tena na tena, hadi urafiki ukazoeleka. Mwaka ulipogeuka Lionel aliomba Mushagalusa ampeleke kwao, kwa kuwa hakuruhusiwa tena kuendesha malori na hakuliamini jicho moja barabarani.

Walilifikia dimbwi mchana wa jua kali. Jina la zamani lilikuwa limerudishwa. Lilikuwa juu ya kibao kipya, na jina la Lorrimer chini yake kwa herufi ndogo. Mtu alikuwa amekipiga risasi kibao chote, na mashimo mengi yalikuwa kwenye lile jina la juu. Maganda ya risasi yalikuwa yametapakaa majanini, bado yanang'aa. Lionel aliingiza kidole katika shimo moja, akakichomoa.

Mushagalusa alimwuliza kwa nini naye asiache jina la muuaji, achukue lingine.

"Nikiliacha, nitamwachia Wayne peke yake," Lionel alisema. "Atasema ni jina la kilima na daraja tu."

Akamwonyesha walikojificha wapigaji, ukingo wa juu wenye miti, na mahali waliposhuka kina mama na vyombo vyao. Mushagalusa alitazama. Aliona jinsi kilivyokuwa chepesi kitendo kile, kutoka pale juu. Akaitazama mikono yake, kisha akaificha mifukoni. Lionel aliona, akateremka taratibu hadi majini, akiyumba kidogo upande wa jicho lililokufa, na Mushagalusa akateremka nyuma yake, tayari kumdaka.