Mafuta Juu ya Kidonda Kibichi

Nilipofika miaka minne nilianza kuwashwa. Ukurutu ulianzia kwenye viwiko na nyuma ya magoti, ukapanda mpaka shingoni. Nikijikuna ulitoa majimaji, na asubuhi nguo ilikuwa imenigandia mwilini. Wanawake pale kisimani walianza kunong'ona habari za ukoma. Mama yangu, Esha binti Likwata, akaacha kunichukua kwenda kuteka maji.

Ndipo alipoelekezwa kwa Bi Ratani, mwanamke wa Kihindi aliyeishi nyuma ya soko la Lindi. Mumewe alikuwa fundi cherehani. Yeye alijua dawa za majani na mizizi za kwao, alizorithi kwa mama yake. Alinitazama mikono kwa muda mrefu, akamwambia mama kwamba ngozi hii itapona, ila ni kazi ya kila siku. Malipo hakutaka. Maungo ya vidole vyake yalikuwa yamevimba, hawezi tena kushika mchi. Mama angekuja kila asubuhi kumtwangia dawa zake, na mimi ningetibiwa.

Tulikwenda kila asubuhi kwa miaka saba.

Nayajua yote mpaka leo. Unaamka kabla ya jua, unakwangua ulimi, unakunywa maji ya uvuguvugu. Unapakwa mafuta ya ufuta mwili mzima, unakaa mpaka yaingie. Kisha unaogeshwa kwa unga wa choroko uliochanganywa na manjano, na mwisho maji yaliyochemshwa majani ya mwarobaini. Samaki wakavu na pilipili nilikatazwa. Mama naye alianza kuyafuata ili nisijione niko peke yangu, na ngozi yake ikang'aa hata watu wakamuuliza anatumia nini. Yangu ilitulia siku mbili tatu, halafu ikachimbuka upya. Bi Ratani alisema damu yangu ni nzito, tuvumilie.

Wakawa kama ndugu. Mumewe Bi Ratani alipofariki, watoto wake wote wakiwa Dar es Salaam, mama ndiye aliyekaa naye siku zote za matanga. Nyumbani kwetu mama alimtaja Bi Ratani kwa heshima kama anavyotajwa shangazi mkubwa.

Baba yangu, Abilahi, alikuwa mpagazi bandarini. Mwaka ule Waingereza walipoanza kufyeka pori la Nachingwea wapande karanga, wenzake wengi walikimbilia huko. Yeye alitaka kurudi Rondo, kwenye shamba la baba yake, na sisi twende naye. Mama alikwenda kumuuliza Bi Ratani. Nilikuwepo. Bi Ratani alinishika kidevu akasema, "Ukimtoa hapa kabla hajapona, ataoza mwili mzima."

Mama hakwenda Rondo. Baba alitusubiri misimu miwili, kisha akaoa mke mwingine kule kule. Talaka ya mama aliileta Hasani, mdogo wake baba. Mama aliipokea, akaikunja, na kesho yake asubuhi tukaenda kutwanga kama kawaida.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja alipokuja Kanta, mke wa mtoto wa mwisho wa Bi Ratani. Alikuwa msichana mzaliwa wa Unguja, mcheshi, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko chetu. Wiki yake ya pili alitukuta uani, mama ananipaka mafuta kwenye kiwiko kilichokuwa kinachuruzika.

"Esha, mbona unapaka hapo? Hapo pabichi bado."

"Ndivyo nilivyofundishwa," mama akasema.

"Na nani?"

Mama akaelekeza macho kwenye chumba cha Bi Ratani. Kanta akacheka, akidhani anataniwa. Akaeleza kwamba penye majimaji hapapakwi mafuta kamwe, yanafungia ugonjwa ndani. Huoshwa kwa maji ya mwarobaini tu, pakaachwa pakauke na kujifunga, ndipo mafuta yaanze. Akasema jambo hilo kwao hulijua hata mtoto, na juzi tu mama mkwe wake alimrudia somo hilo hilo, akimwandaa kwa siku atakapozaa.

Mama alinifuta kiwiko kwa pindo la kanga yake, polepole, mpaka mafuta yakaisha. Kisha akanishika mkono tukaingia ndani.

Bi Ratani alikuwa ameketi kitandani anasugua kijiti cha liwa, ule mti wa manukato, kwenye jiwe.

"Bi Ratani, ulijua kwamba mafuta yanamzuia kupona?"

Mkono wake ukasimama. Alimtazama mama, akanitazama mimi, akarudisha macho kwenye liwa yake. Nilingoja akatae. Mama pia alingoja, naona hivyo sasa.

"Angepona huyu mtoto," akasema, "wewe ungekuja hapa kufuata nini?"

"Ungeniambia unataka nije, ningekuja."

Tulipita uani, Kanta amesimama ameshika mdomo, tukatoka.

Mama alinitibu mwenyewe. Siku tisa bila tone la mafuta, mwarobaini asubuhi na jioni. Siku ya kumi ngozi ilikuwa kavu. Miezi miwili baadaye nilivaa gauni la mikono mifupi, na mama akanipeleka kisimani mchana kweupe. Wanawake walinisifu. Mama aliitikia vizuri, lakini tulipofika nyumbani alikaa chini akalia kwa sauti, na nikajua halii kwa furaha. Alikuwa anaihesabu miaka.

Tukahamia Mitwero kwa mjomba Modesti. Bi Ratani alituma watu mara mbili kumwomba mama arudi, hakurudi. Mwaka uliofuata, lori lilisimama mbele ya nyumba, Kanta akashuka, akamwamkia mama shikamoo kwa unyenyekevu. Akasema wanahama wote kwenda Dar es Salaam. Bi Ratani alikuwa ndani ya lori, hawezi kushuka, na anaomba kuniona mimi tu, Somoe, aione mikono yangu.

Nilikuwa nyuma ya mlango. Nilikuwa nimeshaikunjua mikono ili nimwonyeshe.

"Somoe hayupo," mama akasema. "Yupo Rondo, kwa baba yake."

Kanta aliona vidole vyangu kwenye ubao wa mlango. Aliinamisha kichwa, akarudi kwenye lori. Mama alisimama pale pale uani mpaka mlio wa lori ukapotea, kisha akaniambia niende nikaoge.