Kadi Niliyomwazima Mtu wa Foleni

Teresiah alinikuta gereji, Ras Al Khor, nakosha bolti kwa dizeli. Ni Mkenya wa Nyeri, mlinzi wa ghala la jirani. Mwanawe Hudson alikufa bomu lilipolipuka kituo cha mabasi kwao. Sasa yeye na wazazi wengine wa marehemu wameishitaki benki moja huko ng'ambo, kwamba ilipitisha fedha za wauaji huku ikiona.

Akafungua bahasha. Wakili wao kawatumia orodha ya waliotuma fedha zile kutoka tawi la hapa Dubai. Akaweka kidole kwenye jina la tatu. Msellem Mubarak. Ndilo jina langu, na namba ya kadi ni yangu.

Nikakaa juu ya tairi. Nimezurura bandari nyingi, lakini siku ile naikumbuka. Kijana mbele yangu kwenye foleni ya benki, anataka kutuma fedha kwao, kitambulisho chake kimekwisha muda, anasema mama yake mgonjwa. Sisi hapa huazimana kadi za kitambulisho. Utamnyima mwenzio? Twaona ni thawabu. Nikampa, jina sikumuuliza. Karani akatazama picha, mzee mwenye mvi, akamtazama kijana, akacheka. Akasema yalla, haya twende, kadi ni kadi.

Nilimweleza Teresiah yote, bila kupunguza. Hakulia.

"Kwa hivyo karani alijua."

"Alijua. Hata kipofu angejua."

"Benki inasema ilidanganywa na kadi. Mzee, ukiandika hayo, hawana tena pa kujificha."

"Nikiandika hayo nimekiri. Kafili, mwajiri aliyenidhamini, atafuta viza yangu kabla wino haujakauka. Kama si jela."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Wakili sijamwambia kama nakujua."

Nikamuuliza, nikikataa je? Akasema basi, kesho atanisalimia kama kawaida, na chai atanimiminia vilevile.

Hilo ndilo lililonichosha. Angenitukana ningepata pa kushika. Nina miaka sabini na moja, nyumba ya Unguja iliuzwa zamani, na hapa nina kitanda cha juu kwenye chumba cha watu wanane. Nilikifikiria kitanda kile kwa muda mrefu kuliko kinavyostahili.

Nikapangusa mikono. Nikamwambia aandike yeye, hati yangu mbaya, mimi nitatia sahihi.

Akatoa kalamu, akauliza aanzie wapi.

"Anzia pale karani alipocheka," nikasema.